Fahamu Uchunguzi wa Vinasaba vya Viinitete na Maana ya Jibu la Mozaiki

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Wenza wanaotafuta mtoto kwa njia ya upandikizaji mimba hukutana na maneno mengi mapya, lakini ni machache yanayowaacha na mashaka kama jibu la maabara lisemalo kwamba kiinitete chao ni cha mozaiki. Jibu hilo halisemi kuwa kiinitete ni kizima, wala halisemi kuwa kina kasoro. Ni jibu la katikati, na mara nyingi hufika wakati wenza wamekwisha kutumia fedha nyingi na wamebakiwa na kiinitete kimoja au viwili tu katika hifadhi ya baridi. Kiinitete kikishatupwa hakirudi, na mimba ikishatungwa haiahirishwi.

Makala haya yanaeleza uchunguzi huo unavyofanyika, unachoweza na usichoweza kusema, mazingira ambayo una manufaa makubwa kwa Watanzania, pamoja na haki za mwananchi kwa mujibu wa sheria kabla hajatia saini fomu ya ridhaa.

Ugumba na huduma ya upandikizaji mimba

Shirika la Afya Duniani linatambua ugumba kuwa ni ugonjwa wa mfumo wa uzazi wa mwanamke au mwanaume, unaodhihirika pale mimba isipopatikana baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Takwimu za Shirika hilo za mwaka 2023 zinaonesha kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 duniani hukutana na tatizo hilo katika maisha yake. Chanzo kinaweza kuwa kwa mwanamke, kwa mwanaume, au kwa wote wawili. Kuziba kwa mirija ya uzazi kutokana na maambukizi yasiyotibiwa mapema ni miongoni mwa sababu kubwa katika nchi za Afrika.

Katika upandikizaji mimba, mwanamke hupewa dawa za kukuza mayai kadhaa kwa pamoja, mayai hayo huvunwa, hurutubishwa maabara kwa mbegu za kiume, na kiinitete kinachopatikana hurejeshwa katika mji wa mimba. Mtoto wa kwanza kwa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Oldham nchini Uingereza tarehe 25 Julai, 1978. Robert Edwards, mmoja wa waanzilishi wa huduma hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2010. Katika Afrika Mashariki, Kampala ilipata mtoto wake wa kwanza mwaka 2004, na Nairobi ikafuata Mei 2006. Jijini Dar es Salaam vituo binafsi vilitangulia kutoa huduma hii, na Hospitali ya Taifa Muhimbili iliyopo Upanga nayo imeingia katika eneo hilo.

Kutoka Upanga hadi Kariakoo si mwendo mrefu. Katika mitaa ya Kariakoo mwananchi hukutana na matangazo ya dawa za "kusafisha kizazi" na "kuzibua mirija", na wapo wanaozunguka huko kwa miaka kabla ya kufika kliniki. Ucheleweshaji huo una gharama ambayo haionekani katika risiti yoyote: umri. Kadiri umri wa mwanamke unavyosonga, ndivyo idadi ya viinitete vyenye kasoro za kromosomu inavyoongezeka. Kwa mwanamke mwenye umri wa miaka 40, zaidi ya nusu ya viinitete vinavyofikia hatua ya kuchunguzwa huwa na kasoro hizo.

Kiinitete huchunguzwaje?

Seli ya binadamu kwa kawaida ina kromosomu 46, yaani jozi 23, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Ndani ya kromosomu ndimo zilimo jeni, ambazo hubeba maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Kromosomu ikizidi au ikipungua, mara nyingi kiinitete hakijishikizi katika mji wa mimba, au mimba huharibika mapema. Baadhi ya kasoro huruhusu mtoto kuzaliwa. Inayofahamika zaidi ni kuwapo kwa kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili, hali inayosababisha mtindio unaoitwa Down.

Siku ya tano au ya sita baada ya urutubishaji, kiinitete huwa na seli zipatazo 100 hadi 200 zilizokwisha kujigawa katika makundi mawili. Kundi la ndani ndilo litakalokuwa mtoto. Kundi la nje, lililozunguka kama ganda, litakuwa kondo la nyuma. Mtaalamu hutoboa sehemu ya nje na kuchukua seli chache, kwa kawaida kati ya 5 na 10. Seli za ndani haziguswi. Kiinitete hugandishwa na kuhifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na seli zilizochukuliwa hupelekwa maabara ya vinasaba kusomwa.

Teknolojia hii ilianza London mwaka 1990, pale Alan Handyside na wenzake wa Hospitali ya Hammersmith walipotangaza mimba za kwanza zilizotokana na viinitete vilivyochunguzwa kabla ya kupandikizwa. Wenza waliohudumiwa walikuwa katika hatari ya kupata watoto wa kiume wenye magonjwa makubwa ya kurithi. Lengo la mwanzo, kwa hiyo, lilikuwa kukinga ugonjwa unaojulikana katika familia fulani. Matumizi mapana zaidi yalikuja baadaye.

Aina mbili zisizopaswa kuchanganywa

Mwananchi anapoambiwa kuwa kiinitete chake "kitapimwa vinasaba", hana budi kuuliza ni kipimo gani kati ya hivi viwili.

Kipimo cha kwanza hutafuta ugonjwa mmoja wa kurithi unaofahamika kuwapo katika familia, kama vile selimundu. Maabara huwa inajua inachokitafuta, kwa sababu wazazi wamepimwa kabla.

Kipimo cha pili huhesabu kromosomu zote za kiinitete ili kuona kama zimekamilika. Hapa hakuna ugonjwa wa familia unaotafutwa. Kipimo hiki hutolewa zaidi kwa wanawake wenye umri mkubwa, waliopoteza mimba mara kwa mara, au waliopandikizwa mara kadhaa bila mafanikio. Jibu la mozaiki hutokana na kipimo hiki cha pili.

Mozaiki ni nini?

Mozaiki ni hali ya kiinitete kimoja kuwa na seli za aina mbili au zaidi zinazotofautiana kwa kromosomu: baadhi zina 46 kamili na nyingine zina pungufu au ziada.

Hali hii hutokana na wakati kosa lilipotokea. Kosa likiwa limetokea katika yai au mbegu kabla ya urutubishaji, kwa kawaida kila seli ya kiinitete hulirithi. Lakini yai likirutubishwa likiwa salama, kisha kosa likatokea wakati seli zinagawanyika katika siku za mwanzo, seli zitakazotokana na ile iliyokosea ndizo pekee zitakazokuwa na kasoro. Zilizobaki zitaendelea zikiwa kamili. Siku hizo za mwanzo ni za haraka na makosa ya mgawanyiko hutokea mara kwa mara, hivyo mozaiki si jambo la ajabu katika viinitete vya binadamu.

Katika maabara nyingi, sampuli ikionesha kuwa seli zenye kasoro ni chini ya asilimia 20, kiinitete huhesabiwa kuwa cha kawaida. Zikizidi asilimia 80, huhesabiwa kuwa na kasoro. Kati ya viwango hivyo, huandikwa mozaiki: ya kiwango cha chini au ya kiwango cha juu. Mipaka hii ni makubaliano ya kitaalamu, na maabara hazilingani zote katika kuitumia.

Bambo na gunia

Ili kuelewa udhaifu wa jibu hilo, inafaa kumtazama mnunuzi wa mchele wa jumla. Hamwagi gunia zima chini ili alikague. Huchoma bambo ubavuni, akatoa kiganja cha punje na kuzitazama. Punje zikitoka nzima zote, hulipa. Zikitoka chenga tupu, huondoka. Zikitoka nusu kwa nusu huingia mashaka, kwa kuwa bambo limesema ukweli kuhusu ubavu lilikochomwa tu. Akichoma upande wa pili huenda akapata kiwango kingine kabisa.

Uchunguzi wa kiinitete una mipaka hiyohiyo, na zaidi. Kwanza, seli 5 hadi 10 ni sehemu ndogo ya seli zaidi ya 100. Pili, zimetoka katika sehemu itakayokuwa kondo la nyuma, si katika sehemu itakayokuwa mtoto. Tatu, chembe za vinasaba zilizomo ni kidogo mno, hivyo hulazimika kuzidishwa maabara kabla ya kusomwa, na hatua hiyo yenyewe inaweza kuzalisha jibu linalofanana na mozaiki ilhali kiinitete hakina mozaiki.

Mfano wa gunia unaishia hapo, kwa sababu mchele haubadiliki ukiwa gunia, ilhali kiinitete kinakua. Seli zenye kasoro zinaweza kufa au kushindwa kushindana na zilizo kamili, na uwiano ukabadilika kadiri siku zinavyokwenda. Hata katika mimba za kawaida, vipimo vya kondo vinavyochukuliwa mapema huonesha mozaiki katika takriban asilimia 1 hadi 2, na mara nyingi mtoto mwenyewe hukutwa hana kasoro hiyo.

Mashaka hayo yanakwenda pande zote mbili. Jibu la mozaiki si uthibitisho kwamba mtoto atakuwa na kasoro, na jibu la "kawaida" nalo si dhamana kwamba hatakuwa nayo.

Ushahidi unasemaje?

Kwa miaka mingi viinitete vya mozaiki vilihesabiwa pamoja na vyenye kasoro na kutupwa. Mtazamo huo ulianza kubadilika mwaka 2015, wataalamu wa Roma nchini Italia walipochapisha taarifa ya wanawake 18 waliokuwa wamebakiwa na viinitete vya mozaiki pekee. Walipandikizwa kwa ridhaa yao, na watoto 6 wakazaliwa wakiwa na kromosomu za kawaida. Endapo kanuni ya kutupa ingefuatwa, watoto hao wasingezaliwa.

Tangu hapo maelfu ya viinitete vya aina hiyo vimepandikizwa katika nchi mbalimbali. Picha inayojitokeza kwa jumla ni kwamba uwezekano wa mimba kujishikiza na kudumu ni mdogo kuliko kwa viinitete vilivyosomeka kuwa kamili, hasa mozaiki inapokuwa ya kiwango cha juu, na hatari ya mimba kuharibika ni kubwa zaidi. Hata hivyo, watoto wengi waliozaliwa hawakuwa na kasoro iliyosomeka katika sampuli. Visa vichache ambavyo kasoro ilionekana tena kwa mtoto vimeripotiwa, na ndiyo sababu ufuatiliaji wa karibu wakati wa ujauzito unasisitizwa. Wataalamu pia huangalia ni kromosomu ipi inayohusika: mozaiki ya namba 13, 18 au 21 hutazamwa kwa tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa kasoro za kromosomu hizo zinaweza kufika hadi mtoto kuzaliwa.

Swali lingine ni kama kila anayepandikizwa mimba anahitaji kipimo cha kuhesabu kromosomu. Utafiti mkubwa uliofanyika China na kuchapishwa mwaka 2021 ulihusisha wanawake 1,212 wenye umri wa miaka 20 hadi 37 waliokuwa na matarajio mazuri ya kupata mimba. Waliopimiwa viinitete walipata watoto kwa asilimia 77.2, na wasiopimiwa kwa asilimia 81.8. Kwa kundi hilo, kipimo hakikuongeza nafasi ya kupata mtoto. Hii haina maana kwamba hakifai kwa yeyote. Kinaweza kusaidia kupunguza kupandikiza viinitete vitakavyoishia katika mimba kuharibika. Kipimo hakitengenezi kiinitete kizuri pale ambapo hakipo. Kinachofanya ni kusaidia kuchagua kati ya vilivyopo.

Selimundu: pale kipimo kinapokuwa na uzito

Kwa Tanzania, sababu nzito zaidi ya kuifahamu teknolojia hii ni ugonjwa wa selimundu. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo duniani, ambapo inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Zaidi ya mtu 1 kati ya 10 ana vinasaba vya ugonjwa huo bila kuumwa, na wengi hawajui mpaka wampate mtoto mgonjwa.

Wenza wote wawili wakiwa na vinasaba hivyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuwa mgonjwa, asilimia 50 wa kubeba vinasaba bila kuumwa, na asilimia 25 wa kutokuwa navyo kabisa. Uwezekano huo hujirudia upya katika kila ujauzito. Kuwa na mtoto mmoja mgonjwa hakupunguzi hatari kwa anayefuata.

Hapa ndipo tofauti ya vipimo viwili inapojitokeza kwa manufaa ya mwananchi. Kasoro ya selimundu hutoka kwa wazazi, hivyo ipo tangu yai linaporutubishwa na hupatikana katika kila seli. Bambo likichomwa popote litaikuta. Seli chache za nje zinaweza kuwakilisha kiinitete kizima kwa uhakika ambao kipimo cha mozaiki hakina. Mwaka 1999 wataalamu wa New York nchini Marekani walitangaza mimba ya kwanza ya pacha wasio na selimundu iliyopatikana kwa njia hii. Hata hivyo, makosa ya usomaji hayajaondoka kabisa, na wenza hushauriwa kuthibitisha jibu kwa kipimo cha maji ya uzazi, ambacho hufanyika kuanzia wiki ya 15 ya ujauzito, au mara mtoto anapozaliwa.

Gharama za njia hii ni kubwa, na familia nyingi haziwezi kuzimudu. Hatua iliyo karibu zaidi na kila mwananchi ni kupima damu ili kufahamu hali yake ya selimundu kabla ya ndoa au kabla ya kupata mtoto. Kipimo hicho cha kawaida cha damu ndicho mlango wa maamuzi mengine yote.

Sheria inamlindaje mwananchi?

Uchukuaji, usafirishaji, uhifadhi na uchunguzi wa sampuli za vinasaba vya binadamu nchini unasimamiwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu Na. 8 ya Mwaka 2009. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi jijini Dar es Salaam katika Barabara ya Barack Obama. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazitambua taarifa za vinasaba kuwa taarifa binafsi nyeti. Kwa maana hiyo, jibu la uchunguzi wa kiinitete si mali ya kituo kulitumia kipendavyo. Ni taarifa ya wenza husika, na inapaswa kutunzwa kwa siri.

Usajili wa watoa huduma nao una vyombo vyake. Madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na maabara binafsi husimamiwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Watoa tiba asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Mwananchi anayo haki ya kuomba kuoneshwa usajili kabla ya kulipa, iwe ni katika kliniki ya Upanga au duka la dawa la Mtaa wa Msimbazi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Wenza wanaopendekezewa uchunguzi wa vinasaba vya viinitete wanashauriwa kupata majibu ya maswali yafuatayo, ikiwezekana kwa maandishi:

1. Kipimo kinachopendekezwa kinatafuta nini: ugonjwa maalumu wa familia au hesabu ya kromosomu? Kwa umri na historia yetu, kitaongeza nini?

2. Sampuli itasomwa na maabara ipi? Iwapo itasafirishwa nje ya nchi, vibali vinavyotakiwa vipo?

3. Maabara hiyo hutoa jibu la mozaiki kwa viwango gani, na itatueleza asilimia pamoja na kromosomu inayohusika, au itaandika tu "haifai"?

4. Kiinitete chetu kikiwa cha mozaiki, sera ya kituo ni ipi? Kitahifadhiwa kwa muda gani, kwa gharama gani, na nani mwenye uamuzi wa mwisho?

5. Ni nani atakayetufafanulia majibu, na tutapewa muda gani wa kutafakari?

6. Tukipata mimba kutokana na kiinitete hicho, ufuatiliaji utafanyika wapi na kwa vipimo vipi?

Swali la nne lina uzito wa pekee, kwa kuwa jibu lake linapaswa kujulikana kabla seli hazijachukuliwa. Wenza waliokubaliana mapema juu ya kiinitete cha mozaiki hufanya uamuzi wao wakiwa wametulia. Wanaolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza kwa njia ya simu, siku majibu yanapofika, hulazimika kuamua wakiwa na hofu.

Pale ambapo kipo kiinitete kilichosomeka kuwa kamili, hicho ndicho hutangulizwa. Pale ambapo kimebaki cha mozaiki pekee, hasa cha kiwango cha chini, kukitupa si jambo la lazima na kukipandikiza si jambo la kukimbilia. Ni uamuzi wa wenza wenyewe baada ya ushauri wa kitaalamu, wakijua kwamba maabara imesoma seli chache za ganda la nje na haijamwona mtoto.

Wananchi wenye maswali kuhusu huduma za afya wanaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo, au kufika katika kliniki ya magonjwa ya wanawake na uzazi ya hospitali iliyo karibu nao. Inashauriwa wenza wafike pamoja, kwa kuwa uchunguzi wa ugumba huanza na watu wawili.